Pittsburgh hadi Washington: hesabu ya mstaafu, baiskeli na hema

Kati ya Pittsburgh na Washington, Marekani, kuna njia ya baiskeli ya kilomita 538 ambayo karibu yote haina magari. Kilomita 240 za mwanzo, Great Allegheny Passage, zimelazwa juu ya matuta ya reli zilizoachwa. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Ohiopyle mwaka 1986 na cha mwisho mwaka 2013. Kuanzia Cumberland inashikwa njia ya kando ya mfereji wa C&O, walimopita baghala wakikokota mashua za makaa ya mawe hadi 1924. Kwa mstaafu mwenye pensheni ya kawaida na magoti yaliyokwisha kufanya kazi yake, ni vigumu kupata njia inayomfaa zaidi.

Uamuzi wa kwanza ni aanzie upande gani. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo wajenzi wa reli walitafuta mwinuko mdogo kadiri walivyoweza. Ukitoka Pittsburgh, unapanda takriban mita 500 katika kilomita 200, yaani mita mbili na nusu hivi kwa kila kilomita, mguu hautambui. Kilele kiko mita 729 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo mpaka Cumberland njia inashuka zaidi ya mita 500 ndani ya kilomita 38 tu. Anayeanzia Washington hukutana na kilomita hizo 38 akizipanda, na mzigo mgongoni mwa baiskeli. Kwa mtu wa miaka 65, kuanzia Pittsburgh ndiyo busara.

Kisha kulala na maji, na hapa ndipo fedha inapookolewa. Kando ya mfereji, idara ya hifadhi za taifa imeweka kambi za waenda kwa miguu na baiskeli, nyingi zikiachana kwa kilomita nane hadi kumi na mbili. Hazilipiwi wala haziwekewi nafasi: anayewahi ndiye anayelala, usiku mmoja kwa kila kambi. Kila moja ina meza, mahali pa kuwashia moto, choo na pampu ya mkono. Unasukuma mpini wa chuma juu na chini mara kadhaa, maji yanatoka yakiwa na ladha ya madini ya joto yaliyotiwa kuua vijidudu. Wengine huikwepa ladha hiyo kwa majani ya chai.

Pampu hizo hupunguza hata mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, na penye maji kila baada ya saa moja hakuna haja ya kubeba zaidi ya lita mbili. Chakula nacho ni cha siku mbili tu, kwa sababu Confluence, Meyersdale, Cumberland na Hancock zina maduka. Upande wa reli kambi ni mchanganyiko, nyingine bure na nyingine za kulipia, hivyo bajeti ya kulala iwekwe huko.

Tope lisidharauliwe. Mvua ikinyesha, sehemu za njia ya mfereji hugeuka utelezi, na tairi jembamba la barabara ya lami halifai. Tairi la milimita 40 au zaidi, tyubu mbili za akiba, vifaa vya kuziba pancha na cheni iliyotiwa mafuta kila jioni vinatosha.

Majira yana amri yake. Tangu katikati ya Novemba mpaka katikati ya Aprili mipini ya pampu huondolewa, na handaki la Big Savage, karibu kilomita moja, hufungwa wakati wa baridi. Septemba hali ya hewa hupoa na wanafunzi wamerudi shule. Mstaafu, asiyengoja wikiendi, anaweza kupanga Ijumaa na Jumamosi zimkute mbali na miji, maana karibu na Washington kambi hujaa. Kwa kilomita 55 kwa siku safari huchukua siku kumi, na usiku wa mwisho upangwe mapema: kambi iliyo karibu zaidi na Washington, Swains Lock, iko takriban kilomita 27 kabla ya mwisho wa njia.