Orodha za "kuipa kompyuta spidi" zinawaponza wanaorekodi muziki

Kama umewahi kurekodi chochote kwenye kompyuta, hizi orodha unazijua. Zipo kwenye video, zipo kwenye makundi ya WhatsApp ya maprodyuza, nyingine zinazunguka kama PDF isiyo na jina la mwandishi. Mambo 10, mambo 15, nimeshaona hata 32, ya kufanya ili mashine yako "iruke". Zima mapambo ya Windows. Zima antivirusi. Safisha rejista. Ongeza RAM. Weka SSD. Leo nataka kuzisema vibaya, ila kwa haki, maana ndani yake yapo ya kweli, na yapo ambayo yamemharibia mtu ninayemfahamu siku nzima ya kazi.

Mtu mwenyewe ni rafiki yangu, ana kistudio Morogoro, chumba kimoja na feni. Alipata kazi ya kurekodi kwaya iliyotoka upande wa Kilosa, watu 18, maiki nane. Wiki moja kabla, akaifuata orodha mojawapo kama dozi: akanunua RAM kutoka gigabaiti 8 hadi 16, akazima antivirusi, akaondoa ile nafasi ya diski ambayo Windows huitumia RAM ikijaa. Siku ikafika. Wimbo wa kwanza sauti ikawa inakwaruza, tik, tik, kila baada ya sekunde kadhaa. Wimbo wa tatu, katikati ya beti, programu ikajifunga yenyewe. Kiongozi wa kwaya, mama mtu mzima, hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, nauli hii tumechangishana." Ndipo rafiki yangu akanipigia.

Kosa la kwanza la orodha hizi ni hili: zinachukulia mkwaruzo na kujifunga kuwa ugonjwa mmoja, "kompyuta ni dhaifu". Ni kama zamani kila homa ilipoitwa malaria na ukapewa dawa bila kutobolewa kidole. Mkwaruzo ni kuchelewa. Kujifunga ni programu kufanya kosa mpaka mfumo ukaiua. Mashine inaweza kuwa na kimoja bila kingine, na dawa zake hazifanani.

Tuanze na mkwaruzo. Chukulia kadi ya sauti kama ndoo yenye bomba chini, na bomba halifungwi: linatoa sampuli 44,100 kila sekunde, liwe limejazwa au halijajazwa. Kazi ya kompyuta ni kuijaza ndoo kabla haijakauka. Ukubwa wa ndoo ndio ile bafa unayoichagua kwenye mipangilio. Ukiweka 128, gawanya kwa 44,100: unapata milisekunde 2.9. Ndani ya muda huo kompyuta lazima ilete ndoo nyingine, halafu nyingine, saa nzima, bila kukosa hata mara moja. Ikichelewa mara moja tu, bomba linatoa hewa. Hiyo hewa ndiyo tik unayoisikia.

Ona sasa kinachofuata. Spidi ya wastani haikusaidii. Unaweza kuwa na prosesa inayofanya kazi asilimia 20 tu, asilimia 80 imelala, na bado sauti ikakwaruza, kwa sababu kuna milisekunde 4 fulani ambazo kitu kingine kiliishika prosesa na hakikuiachia. Orodha zote zinapigania wastani. Muziki unataka uhakika wa kufika kwa wakati, kila safari.

Ni nani huishika prosesa? Mara nyingi ni draiva. Kwenye Windows, kazi za haraka za draiva hutangulia programu yoyote ya kawaida, hata hiyo ya kurekodi uliyoipa kipaumbele cha juu kabisa. Draiva iliyoandikwa vibaya ikijivuta, wengine wote wanasubiri mlangoni. Kuna programu inaitwa LatencyMon ambayo hukaa kimya dakika kumi hivi ikihesabu, halafu inakutajia faili la draiva lililochelewesha wenzake. Kwa rafiki yangu ilikuwa ya waifai. Tukaizima waifai kwenye Device Manager, mkwaruzo ukaisha. Hakuna RAM iliyohusika.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Kwaya ile haikuwa na haja ya bafa ya 128 hata kidogo! Bafa ndogo inatakiwa pale mwimbaji anapojisikia mwenyewe kwenye hedifoni kupitia kompyuta, maana sauti ikichelewa sana anapotea. Kwaya ilisimama inaimba, hakuna aliyevaa kitu masikioni. Angeweka 1,024, kompyuta ingepata milisekunde 23 kila safari badala ya 2.9, bure, bila kununua chochote. Hata kwa mwimbaji mmoja mwenye hedifoni, kadi nyingi za sauti zina kitufe kilichoandikwa Direct Monitor, kinachompa sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye maiki bila kuzunguka ndani ya kompyuta. Katika orodha tatu nilizozisoma jioni ile, hakuna iliyokitaja. Zote zilitaja rangi ya madirisha ya Windows.

Haya, tuzipime nyingine haraka haraka. SSD: nzuri, itakufungulia programu upesi na itasaidia kama unatumia piano na ngoma zilizorekodiwa zenye mafaili makubwa. Lakini kwa kurekodi tu, piga hesabu. Maiki moja ya biti 24 ni baiti 132,300 kwa sekunde. Maiki nane ni kama megabaiti moja. Diski ya kawaida inayozunguka, ikiwa nzima, inaandika mara nyingi ya hapo bila kutoka jasho. Kurekodi kwa sampuli 96,000 "ili ubora uwe juu": unaongeza kazi zaidi ya mara mbili, na ukibaki na bafa ya 128 ndoo yako sasa inakauka kwa milisekunde 1.3. Kusafisha rejista: sijawahi kuelewa kwa nini bado inaandikwa. Mpango wa umeme wa "High performance": huu ni ushauri sahihi, kwa sababu prosesa inayopunguza mwendo ili kubana chaji huchukua muda kuamka, na muda ndio hatuna. Ila orodha haikuambii sababu, kwa hiyo hujui kwamba mpakato uliochomolewa kwenye umeme, au uliopata joto la chumba cha Morogoro mwezi wa Februari, utapunguza mwendo vilevile.

Nichepuke kidogo, maana hili nalipenda. Je, unajua kimya kinaweza kuichosha kompyuta? Mwangwi unapofifia, programu inaendelea kuzidisha namba ndogo kwa namba ndogo, mpaka zinashuka chini ya takriban 10 kwa kipeo cha hasi 38. Chini ya hapo, prosesa nyingi huzihesabu namba hizo kwa njia maalumu iliyo ya polepole sana. Kwa hiyo wimbo umekwisha, hakuna anayeimba, na mita ya prosesa inapanda! Waandishi wazuri wa plagini huzigeuza namba hizo kuwa sifuri. Wengine hawakumbuki.

Turudi kwenye kujifunga. Plagini, kwa kawaida, huishi ndani ya nyumba moja na programu ya kurekodi: kumbukumbu ni moja. Plagini ikigusa sehemu isiyo yake, Windows haiiui plagini, inaiua nyumba nzima. Lakini inaandika. Fungua Event Viewer, sehemu ya Application, utakuta saa ya tukio, mara nyingi namba 0xC0000005, na jina la moduli iliyokosea. Kwenye Mac taarifa kama hiyo iko ndani ya Console. Jina likiwa lilelile kila mara, umempata mhusika. Likibadilikabadilika, anza kuishuku RAM yenyewe au joto, na iache MemTest86 ifanye kazi usiku kucha. Programu kama REAPER na Bitwig Studio zinaweza kuiendesha plagini kwenye chumba chake peke yake, ikianguka inaanguka yenyewe.

Kwetu jina lilikuwa moja, mara nne mfululizo: plagini ya mwangwi aliyopewa kwa flashi, iliyovunjwa leseni. Sitahubiri, najua bei zake na najua malipo ya studio zetu. Ila mtu aliyevunja leseni amekata vipande vya msimbo asiouandika, na wewe ukafuata orodha ukazima antivirusi ili faili hilohilo likubali kuingia. Ukitaka diski isisumbuliwe, iambie antivirusi iache folda ya kazi zako tu. Na ile nafasi ya diski aliyoiondoa irudi: RAM ikijaa bila hiyo, programu hunyimwa nafasi na inaweza kujifunga papo hapo. Yaani ushauri wa kuzuia kujifunga unaongeza njia ya kujifunga. Mwangwi tuliutoa kwenye ule uliokuja na programu yenyewe. Hakuna mwanakwaya aliyeona tofauti.

Wimbo wa tatu je? Programu nyingi za kurekodi huandika sauti kwenye diski palepale watu wanapoimba. Zikikatika, kinachobaki pungufu ni kichwa cha faili la WAV, kile kinachosema sauti ina urefu gani. Kwa hiyo faili linaonekana bovu, halifunguki, wengi hulifuta. Usilifute. Audacity ina njia ya kuingiza data ghafi: unaitajia biti 24, chaneli moja, sampuli 44,100, nayo inasoma bila kujali kichwa. Maiki zote nane zilirudi, mpaka katikati ya beti ambapo programu ilijifunga. Beti lililobaki kwaya ililiimba tena kabla ya basi la saa kumi.

RAM mpya bado imo ndani ya mashine. Anasema sasa anafungua vichupo vingi vya kivinjari bila shida.