Iringaniza: Uhakiki wa Istilahi ya Usawa katika Udahili wa Elimu ya Juu Nchini Rwanda

Makala haya yanahakiki istilahi moja ya sera ya elimu nchini Rwanda: iringaniza. Neno hilo la Kinyarwanda latokana na kitenzi kuringaniza, yaani kuweka sawa, na msemaji wa Kiswahili hulitambua mara moja kwa udugu wake na lingana na linganisha. Udugu huo ndio mtego. Tukilifasiri kwa "usawazishaji", huwa tumelikubali dai la sera kabla ya kulihoji.

Historia inalikanusha dai hilo. Mnamo Februari 1973, orodha za majina ya wanafunzi Watutsi zilibandikwa katika Chuo Kikuu cha Taifa, Butare, kilichoanzishwa mwaka 1963, na katika shule za sekondari, zikiwataka waondoke. Chini ya Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka Julai mwaka huo, nafasi za masomo ziligawanywa kwa kuzingatia ubwoko na eneo la mwanafunzi. Watetezi walidai kuwa shule za kikoloni, kama ile ya Astrida, ziliwapendelea Watutsi. Upendeleo huo ulikuwapo kweli. Hata hivyo, tiba iliyochaguliwa iliuendeleza ugonjwa ule ule. Utambulisho ulioandikwa katika vitambulisho tangu utawala wa Wabelgiji ulimpima mtoto kabla ya alama zake.

Fasiri ya pili, "mgawo wa kikabila", nayo ina kasoro. Kabila katika Kiswahili aghalabu huashiria watu wenye lugha na eneo lao. Wahutu, Watutsi na Watwa huzungumza lugha moja, na wameishi katika vilima vile vile.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, kipengele cha ubwoko kiliondolewa katika vitambulisho, na chuo kikafunguliwa upya mwaka 1995. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, istilahi tutakazozichagua zitaingia katika vitabu vya watoto wasioishuhudia historia hiyo. Napendekeza iringaniza libaki lilivyo, likifuatwa na maelezo: ugawaji wa nafasi za masomo kwa utambulisho wa kuzaliwa na eneo.

Kwa washauri wa sera, funzo ni kwamba usawa haupimwi kwa jina la sera, bali kwa kumtazama aliyeachwa nje ya lango. Kipimo hicho kinastahili kutumiwa pia kuutathmini uamuzi wa 2008 wa kufundishia kwa Kiingereza.