"Upofu wa Rangi": Istilahi Inayowapotosha Wachoraji Ramani

Miongoni mwa istilahi zilizoenea katika maandishi ya afya na jiografia imo "upofu wa rangi". Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, na kasoro yake si ya sarufi bali ni ya maana. Kipofu ni mtu asiyeona. Anayeitwa "kipofu wa rangi", kwa kawaida, huona rangi nyingi. Kinachomshinda ni kupambanua baadhi yake, hasa nyekundu, kijani na kahawia. Hali hii hurithiwa, na huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake.

Kosa la istilahi huzaa kosa la kazi. Mchoraji akiamini kwamba msomaji huyo ni kipofu, hudhani hana la kumfanyia. Na tuitazame milima ya Usambara. Katika ramani za topografia za kipimo cha 1:50,000, msitu hupakwa kijani, na kontua huchorwa kwa kahawia. Huko Lushoto, msitu kama ule wa Magamba umesimama juu ya miteremko mikali. Kwa hiyo kahawia huangukia kijani mahali pale pale ambapo msomaji anahitaji mno kujua mwinuko. Mwalimu akiuliza, "Eneo la kijani linaishia wapi?", mwanafunzi mwenye hali hii huhesabiwa kuwa hajui kusoma ramani, ilhali anajua.

Dawa imo katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili hutenganisha jina la rangi na nguvu yake: twasema rangi imekolea au imefifia. Tofauti hiyo mtu huyu huiona. Kontua zilizokolea juu ya kijani kilichofifia zitasomeka. Na msitu ukiwekewa alama ya mti na mstari wa mpaka, hautategemea rangi peke yake.

Wako watakaosema kwamba istilahi hii imekwisha zoeleka. Lakini wapo pia watu wachache mno wasioona rangi yoyote. Hao tukiwaita nani?

Tunapendekeza basi kwamba "upofu wa rangi" ubakie kwa hao wachache. Hali iliyo ya kawaida iitwe "mkanganyo wa rangi". Na nguvu ya rangi iitwe "ukolevu". Aidha, ufunguo wa ramani utaje alama kwanza, rangi baadaye. Wafasiri, walimu na maofisa wa upimaji wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao.