Nyumba Iliyofungwa: Uhakiki wa Night of the Living Dead

Filamu za kutisha zilizotengenezwa kwa fedha chache huelekea kuhakikiwa kwa upungufu wake: mwanga hafifu, waigizaji wasiojulikana, mandhari finyu. Kipimo hicho hakiitendei haki Night of the Living Dead ya George A. Romero, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Pittsburgh, Marekani, tarehe 1 Oktoba 1968. Iligharimu takriban dola 114,000, ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na sehemu kubwa ya matukio yake imo katika nyumba moja ya shamba. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba ufinyu huo ndio uliozaa dhamira yake.

Msuko wenyewe ni mwepesi. Wafu wanafufuka na kula walio hai. Watu saba wanajifungia ndani. Maafa ya nchi nzima hayakuweza kuonyeshwa kwa fedha zile, hivyo habari zake huletwa na redio na televisheni. Ndiyo maana filamu hii hutazamwa vyema nyumbani, usiku wa majira ya baridi, wakati kiza cha Pittsburgh huingia mapema na kila dirisha limefungwa. Tangazo la hakimiliki liliachwa jina la filamu lilipobadilishwa, na kwa sababu hiyo vituo vya televisheni viliweza kuionyesha bila malipo. Mtazamaji aliyekaa mbele ya televisheni humwona mwenziwe aliyekaa mbele ya televisheni, akingoja kuambiwa la kufanya. Usawa huo haupatikani katika jumba la sinema.

Je, hofu inatoka wapi? Wafu wanakwenda polepole, na mbao za milangoni zingeweza kuwazuia kwa muda. Kinachowaangamiza waliomo ni ugomvi. Ben anataka wabaki juu. Harry Cooper anashikilia chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Kila mmoja anautetea uongozi wake kuliko uhai wa wenziwe. Kikulacho ki nguoni mwako: methali hii ingeweza kuwa muhtasari wa filamu nzima.

Huenda ikadaiwa kwamba mwisho wake unaipinga hoja hii, kwa kuwa Ben anauawa na watu wa nje. Anaokoka usiku kwa kujificha katika chumba kile kile alichokikataa, kisha asubuhi anapigwa risasi na waokoaji waliomdhania kuwa mfu. Lakini waokoaji hao si wafu; ni walio hai, jamaa wa wale waliogombana ndani. Duane Jones, aliyeigiza Ben, alikuwa Mwamerika Mweusi, ingawa nafasi hiyo haikuandikwa kwa kuzingatia rangi. Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, kabla filamu haijatoka. Nia ya mtunzi haiwezi kuizuia maana hiyo. Picha tuli za mwisho, zenye chembechembe kama za gazeti, zinaonyesha mwili wa Ben ukibebwa kwa kulabu hadi kwenye moto. Hakuna mzaha wa kumpoza mtazamaji.

Dosari ipo. Barbra, aliyeanza kama mhusika mkuu, anaachwa ameduwaa karibu filamu nzima, bila sababu ya kisanaa inayotosha. Hata hivyo, dosari hiyo haikutokana na ufukara. Fedha zaidi zingaliwaongeza wafu, zisingaliiongeza hofu.