Fundi Redio wa Kingston

Ukisikiliza rege iliyopita mikononi mwa King Tubby, kwanza utadhani wimbo umeibiwa. Mwimbaji anatamka maneno mawili matatu, anakatwa, na silabi yake ya mwisho inajirudia huku ikififia. Gitaa linachungulia na kutoweka. Kinachobaki ni besi na ngoma. Muziki huo ndio dub, na aliyeufikisha kileleni hakuwa mpiga ala.

Osbourne Ruddock, ndilo jina lake halisi, alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1941. Alikuwa fundi wa redio na televisheni. Alisuka transfoma kwa mkono wake, akaunda amplifaya za wenye spika kubwa waliopiga muziki mitaani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 naye alikuwa na spika zake, na pia alikata santuri kwa Duke Reid, mmiliki wa studio ya Treasure Isle. Huko ndiko alikoanza kuondoa sauti ya mwimbaji na kuona utamu uliobaki.

Studio yake ilikuwa nyumbani, Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse. Bendi haikuenea humo. Wanamuziki walirekodi kwingine, tepu zikaletwa kwake. Mashine yake ya kuchanganyia sauti ilikuwa ya mtumba, kutoka studio ya Dynamic Sounds. Ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kuzungusha, cha kuchuja sauti nzito. Tubby alikizungusha hatua kwa hatua wimbo ukiendelea: besi inakwenda, ngoma inakonda, mwishowe unasikia mchakacho mwembamba wa matoazi. Kisha anakirudisha, na uzito wote unashuka kwa mpigo. Wahandisi wengi walikitumia kitufe cha aina hiyo kusafishia kelele. Yeye alikipiga kama ala.

Mwangwi wake nao una siri ya kifundi. Ndani ya kisanduku mna springi. Umeme wa sauti unazitikisa upande mmoja, mtikisiko unanaswa upande wa pili. Ukikigonga kisanduku, springi zinapigana na kutoa ngurumo ya radi. Fundi wa kawaida angekukataza kukigonga. Tubby alikigonga kwa makusudi, mahali palepale wimbo ulipoihitaji radi.

Wapo wanaosema alibahatisha. Sikubaliani nao. Mtu aliyezoea kufuatilia umeme ndani ya redio mbovu anajua kila sauti inapopita, na anajua itakuwaje akiikata hapa na kuiachia pale. Kazi yenyewe ilifanyika papo hapo, vidole vikiwa juu ya mashine na tepu ikizunguka. Akikosea, anarudia mwanzo.

Wanafunzi wake walitoka karakana hiyohiyo. Scientist alikuwa kijana mpenda elektroniki, na Prince Jammy ndiye aliyetoa mdundo wa Sleng Teng mwaka 1985, uliotokana na kinanda kidogo cha Casio. Tubby aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake mwaka 1989.

Tafuta wimbo “King Tubby Meets Rockers Uptown”, aliouchanganya kwa ajili ya mwanamuziki Augustus Pablo. Ila tafadhali, usiusikilize kwa spika ya simu: nusu ya kazi yake imo kwenye besi, na simu haiitoi.