Meneja mkimya na maduka 57 ya pizza

Kama wewe ni mtu wa maneno machache na umepewa watu wa kuwaongoza, huenda kuna mtu ameshakupendekezea Quiet, kitabu cha Mmarekani Susan Cain cha mwaka 2012. Kisome tu, mimi kilinitia moyo. Ila ukifika kwenye habari ya pizza, punguza mwendo.

Adam Grant na wenzake wawili walichapisha mwaka 2011 utafiti wa maduka 57 ya pizza huko Marekani. Waliangalia tabia ya meneja, faida ya duka, na kama wafanyakazi hutoa mawazo bila kuombwa. Pale walipokuwa wakiyatoa, duka la meneja mchangamfu lilipata faida pungufu kwa asilimia 14. Sisi wakimya hapo tunashangilia na kufunga kitabu.

Subiri kwanza. Pale wafanyakazi walipozoea kungoja kuambiwa, meneja yuleyule mchangamfu alikuwa mbele kwa asilimia 16. Cain mwenyewe analisema hilo, tusimwonee. Wanaoliruka ni wasomaji, pamoja na wale jamaa wa semina za uongozi.

Lawama yangu kwake iko kwingine. Neno introvati amelitanua mno: mwenye aibu yumo, mwenye kuguswa upesi yumo, mwenye kutafakari sana naye yumo. Sasa, mwenye aibu anaogopa watu watamwonaje. Introvati anaweza asiogope chochote, kikao kirefu kinamchosha tu, basi. Dawa ya huyu haimtibu yule, na kitabu hakikusaidii sana kujua wewe ni yupi.

Mimi niliingia mtego wa pizza mzimamzima. Nilipewa kundi la mwaka wa kwanza maabara, nikajiambia utulivu wangu ni silaha. Nikanyamaza ili waseme. Nao, kwa adabu waliyotoka nayo shule, wakanyamaza ili mkubwa aseme! Wiki ya tatu vipimo havikulingana na hakuna aliyeuliza kwa nini, hata mmoja.

Kupaza sauti sikuweza, na sikujaribu. Nilianza kugawa vikaratasi kabla ya kipindi: kila mtu aandike kitu kimoja asichokiamini kwenye matokeo ya juzi, bila jina. Cha kwanza kufunguliwa kilisema mzani wetu ni mbovu. Na kweli ulikuwa mbovu.