Wafu Walio Hai na Majina Yao

Tarehe 1 Oktoba 1968 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, filamu ya George A. Romero iitwayo Night of the Living Dead, yaani Usiku wa Wafu Walio Hai. Mwaka uliofuata John S. Mbiti, mwanateolojia wa Kenya na kasisi wa Kanisa Anglikana, alitoa kitabu chake African Religions and Philosophy, na humo akawaita marehemu wetu wa karibu kwa maneno hayohayo: wafu walio hai. Maneno ni mamoja, lakini maana zimeachana kama mbingu na nchi. Wafu wa Romero ni maiti zinazotembea, zisizomjua mtu wala zenyewe kujijua, nazo huwala walio hai. Wafu wa Mbiti ni baba, mama na ndugu ambao wangali wanakumbukwa kwa majina na watu waliowajua. Na siku jina linapokosa mtu wa kulitaja, ndipo marehemu anapozama katika kile ambacho Mbiti, kwa kuazima neno la Kiswahili, alikiita Zamani.

Katika makala haya tunakusudia kukichunguza kitabu kilichoandikwa kutokana na filamu hiyo, tukikisoma kama watumishi wa Mbinga na wa mwambao wa Ruvuma katika Ziwa Nyasa. Hoja yetu ni kwamba kitisho cha kweli cha hadithi hii hakimo katika maiti kuamka, bali katika mtu kupotewa na jina lake. Kwa sababu hiyo kitabu, ingawa kwa ufundi ni duni kuliko filamu, kina jambo la kumfaa mchungaji anayeitwa kuzika.

Mwandishi wa kitabu ni John A. Russo, yuleyule aliyeshirikiana na Romero kuutunga mchezo wa filamu. Riwaya yake ilitoka mwaka 1974, miaka sita baada ya filamu. Wahakiki wengi huvidharau vitabu vya namna hii, kwa kuwa tumezoea riwaya izae filamu, wala si filamu kuizaa riwaya. Lakini kwetu sisi jambo la kuigeuza filamu kuwa maneno si geni. Katika vibanda vya video vya Tanzania wasimulizi kama Lufufu wa Dar es Salaam wamezichukua filamu za kigeni na kuzisimulia upya kwa Kiswahili, wakieleza, wakiongeza, wakionya. Msikilizaji wa msimulizi hodari haulizi kama filamu ilitangulia. Huuliza kama masimulizi yamemfumbua macho. Na tukipime kitabu cha Russo kwa kipimo hicho.

Hadithi yenyewe ni fupi. Barbara na kaka yake Johnny wamesafiri mbali kwa gari kuweka shada la maua juu ya kaburi la baba yao. Johnny ananung'unikia safari na kumdhihaki dada yake. Hapo makaburini mtu mmoja anawashambulia, Johnny anaanguka, na Barbara anakimbilia nyumba ya shambani. Humo anakuja pia Ben, na baadaye inagundulika kwamba chini ya nyumba wamejificha watu wengine, akiwamo Harry Cooper na mkewe pamoja na binti yao aliyejeruhiwa. Nje maiti zinazidi kukusanyika. Ndani, Ben na Cooper wanagombana kama ni heri kujilinda juu au kujifungia chini, na ugomvi huo unawaangamiza kuliko adui. Usiku huo mtoto anamwua mama yake, na Johnny anarudi akiwa miongoni mwa wafu. Barbara anamtambua kaka yake, yeye hamtambui.

Mpenzi wa filamu akikifungua kitabu atakosa mambo mengi. Atazikosa sura za wafu wakitembea taratibu gizani, na ukimya unaotisha kuliko kelele. Atazikosa hasa zile picha za mnato zinazoifunga filamu. Lugha ya Russo ni ya haraka, naye anaufuata mchezo wa filamu karibu hatua kwa hatua, kiasi kwamba kurasa nyingi ni maelezo ya milango, mbao na misumari. Hatuwezi kukisifu kitabu kwa uzuri wa maneno.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo kitabu kimelifanya na filamu haikuweza. Filamu inaanza na barabara tupu na gari linalokuja. Kitabu kinaanza kwa kumtaka msomaji awafikiri watu wote waliowahi kuishi, ambao sasa hawaoni tena miti wala jua. Kabla ya kutuonyesha wafu kama adui, Russo anatukumbusha kwamba walikuwa watu waliopenda kuishi kama sisi. Mwanzo huo ni mfupi, na mwandishi anausahau upesi. Lakini msomaji aliyeushika hawezi tena kuliona kundi lile la nje kuwa takataka za kuchomwa. Kamera huonyesha uso, nao uso ulioharibika humfanya mtu akimbie. Neno humlazimisha mtu akae na kufikiri.

Tukiileta hadithi hii kusini mwa Tanzania, tunakuta kwamba wenyeji wanayo yao iliyo ya zamani zaidi. Wengine husema msukule. Kusini jina linalosikika sana ni ndondocha. Husimuliwa kwamba mchawi humchukua mtu, ndugu wakazika kisichokuwa yeye, na yule aliyechukuliwa hukatwa ulimi asiweze kusema, akalishwa pumba na kulimishwa usiku katika shamba la bwana wake. Tuzingatie tofauti. Mfu wa Romero ni mla watu. Ndondocha ni mtu aliyeliwa. Hatumwogopi, tunamlilia. Kilichoibwa kwake ni nguvu za mikono yake, na pamoja na ulimi ameibiwa uwezo wa kulitaja jina lake.

Katika jambo hili ndondocha anafanana na zombi wa Haiti, ambaye ndiye asili ya jina. Wahaiti, wazao wa watumwa waliotolewa Afrika, walimwogopa zombi kama mtumwa asiyepewa pumziko hata na kifo. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 ilimwonyesha hivyo, akifanya kazi katika kinu cha miwa. Si ajabu kwamba hadithi kama hiyo imepata makao pia katika mkoa ambao wanaume wake wengi waliondoka kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na baadhi yao hawakuonekana tena. Romero aliyatwaa mawazo yake mahali pengine, hasa katika riwaya ya Richard Matheson ya mwaka 1954, I Am Legend, na katika kuyatwaa akamfuta bwana wa mtumwa. Wafu wake hawana anayewatuma, hivyo hakuna wa kulaumiwa.

Kwetu, kinyume chake, wa kulaumiwa hutafutwa upesi, na hapa ndipo penye hatari. Kijana akifa ghafula, au mvuvi wa Liuli akizama na mwili usipatikane, na neno ndondocha likanong'onwa matangani, swali linalofuata ni: nani amemchukua? Macho huelekea kwa mwenye kahawa iliyostawi kuliko ya jirani, au kwa bibi kizee anayeishi peke yake. Tunajua njia hiyo inaishia wapi. Katika Shinyanga na Mwanza vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni.

Mwisho wa Russo na Romero unapaswa kusomwa kwa makini hapo. Ben peke yake anaufikia mwanzo wa siku. Nje wanakuja watu wenye bunduki wakiongozwa na sherifu, wakiwamaliza wafu. Wanamwona mtu dirishani, wanampiga risasi, kisha wanaubeba mwili wake na kuuchoma pamoja na maiti nyingine. Hakuna aliyemwita wala kumwuliza jina. Katika filamu Ben anaigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, na filamu ilionyeshwa miezi michache tu baada ya Martin Luther King kuuawa tarehe 4 Aprili 1968. Watazamaji wa Marekani hawakuhitaji kufafanuliwa. Wanaomwua si watu wakatili kuliko wengine. Ni raia wenye hofu, waliokwisha kuwa na hakika ya nani aliye hai na nani aliye mfu. Kila kundi linalokwenda usiku kwenye nyumba ya mshukiwa lina hakika hiyohiyo.

Katika hadithi hii kuna jambo jingine linalotuhusu zaidi. Mtaalamu mmoja katika televisheni anawaagiza wananchi wazitoe maiti za jamaa zao nje na kuzichoma mara moja, bila ibada ya mazishi. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, familia nyingi duniani zilionja kitu cha namna hiyo zilipozuiwa kukusanyika makaburini. Kwa sababu ya uhai inaweza kulazimu. Lakini tusisahau kwamba hadithi inaanza na shada la maua juu ya kaburi na kuishia kwenye tanuru la maiti zisizo na majina. Kati ya hayo mawili ndipo watu wanapoacha kuwa watu.

Wako wachungaji wanaouliza kama inafaa vijana wetu wasome au kutazama mambo haya. Swali lao ni la haki, kwa maana kitisho kinachopendwa kwa ajili ya kitisho hudhoofisha nafsi. Lakini vijana wameshayatazama, na mahubiri ya misukule wameshayasikia. Jijini Dar es Salaam Josephat Gwajima na Kanisa lake la Ufufuo na Uzima walijulikana sana kwa mafundisho ya kuwarudisha waliochukuliwa. Mchungaji anayecheka hofu hiyo huwaacha waumini waipeleke kwa mganga. Anayeithibitisha huongeza kuni. Njia ya tatu ni kuwafundisha kusoma.

Na Maandiko yanatupa mahali pa kuanzia. Nabii Ezekieli, katika sura ya 37, aliiona mifupa ikikusanyika, ikapata mishipa na nyama na ngozi, wala pumzi haikuwamo ndani yake. Hapo ndipo wafu wa Romero walipokomea: mwili umesimama, Roho hayumo. Ufufuo tunaoukiri katika Imani si mwili kusukumwa utembee. Katika Yohana sura ya 20, Mariamu hakumtambua Bwana kwa kumtazama, akamdhani mtunza bustani. Alimtambua alipoitwa kwa jina. Na katika sura ya 21 aliyefufuka anawaandalia rafiki zake samaki ufukweni. Watu wa mwambao wa Nyasa wanaijua asubuhi kama hiyo. Aliyefufuka kwa Mungu huwaita wenzake na kuwalisha. Basi anayewala wenzake bila kuwajua hajafufuka, hata kama anatembea.

Kwa hiyo kazi yetu mazishini ni kubwa kuliko tunavyodhani. Jina la marehemu litajwe kwa ukamilifu, na habari za maisha yake zisomwe bila haraka, hata kama jua ni kali na kaburi liko mbali mlimani. Jina alilopewa katika Ubatizo halikatwi na mchawi yeyote, maana limeshikwa na Mungu. Mwili usipopatikana, ibada ifanywe vilevile, jina likabidhiwe kwa Mungu mbele ya watu wote, ili mnong'ono usipate nafasi. Na lile jina la pili, la anayeshukiwa, tulilinde pia. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akiieleza amri ya nane, anatutaka tumtetee jirani na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Amri hiyo haijaandikwa kwa ajili ya siku za amani peke yake. Imeandikwa kwa ajili ya usiku ule wa matanga, watu wanapoanza kuulizana nani. Na mchungaji akiwa ameshaondoka kwenda nyumbani, hakuna wa kuikumbusha.